Kumsingizia Mtu Asiyekuwepo

"Leo hutafsiri," Mama aliniambia. "Leo unatunga."

Alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, jambo ambalo halifanyi ovyo akiwa na nguo ya mteja ya kukabidhi kesho yake. Ilikuwa Mei 2020, Tanga. Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya Korona, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na laptopu yenye tamthilia nzima ya Gilmore Girls, niliyowekewa na mwenzangu wa bwenini kabla hatujatawanyika. Kwenye skrini, Luke Danes, yule mwenye mgahawa, alikuwa ametoka kugundua kwamba ana binti wa miaka 12 ambaye hakuwahi kuambiwa habari zake, na alikuwa ameamua kutomwambia mchumba wake. Nilitafsiri hivyohivyo. Mama hakuniamini.

"Luka hawezi kumficha Mama Rory jambo kama hilo. Umeruka maneno."

Nikarudisha nyuma. Nikatafsiri tena taratibu, sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudisha mguu kwenye pedali.

"Basi waliomwandika ndio walioruka," akasema. "Wamemsingizia tu, masikini."

Neno hilo, kusingizia, sijaachana nalo tangu siku ile. Kumsingizia mtu ni kumbandika tendo ambalo hakulitenda, na ili usingiziwe lazima kwanza uwepo. Luke hayupo. Hana alilolitenda wala asilolitenda nje ya yale yaliyoandikwa. Mwandishi akisema alificha, basi alificha, na hakuna mahakama ya rufaa. Hata hivyo nilijua Mama yuko sahihi, tena nilijua kabla sijaweza kueleza kwa nini. Insha hii ni jaribio la kueleza. Si kesi dhidi ya waandishi wa televisheni wa Marekani peke yao. Mbele kidogo nami nitapanda kizimbani.

Kwa asiyeijua, Gilmore Girls ilianza kuonyeshwa Oktoba 2000 na kumalizika Mei 2007, misimu saba, sehemu 153. Lorelai Gilmore, mtoto wa matajiri, alijifungua akiwa na miaka 16. Aliondoka kwao na mtoto mchanga, akapata kazi ya usafi kwenye nyumba ya wageni katika mji mdogo, akaishi kwenye kibanda cha bustanini, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa meneja wa nyumba ileile. Hadithi inapoanza, binti yake Rory anakaribia kutimiza miaka 16 naye, amepata nafasi kwenye shule nzuri ya kulipia, na mama hana ada. Anakwenda kukopa kwa wazazi aliowakimbia. Emily, mama yake, anakubali kwa sharti moja: kila Ijumaa usiku waje kula naye. Tamthilia nzima imesimama juu ya deni hilo la ada.

Mama hakuhitaji maelezo zaidi ya hapo. Alinizaa mwaka 1998 akiwa na miaka 17, kidato cha tatu. Wakati ule msichana akigundulika ana mimba, shule ndiyo basi tena. Ilikuwa mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani. Majirani walikuwa na methali tayari mdomoni, maji hufuata mkondo, kwa sababu Bibi naye alimpata Mama akiwa bado kwao, kabla ya kuolewa. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nimekua nikijua kwamba kuna watu wanaosubiri zamu yangu ifike.

Mama hakuwahi kumwita Lorelai kwa jina lake. Tangu jioni ya kwanza alikuwa Mama Rory, kama yeye mwenyewe anavyoitwa kwa jina langu na watu ambao nina hakika hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Nilipomweleza kwamba Rory ni kifupi cha Lorelai, kwamba yule msichana wa miaka 16 alimpa mtoto jina lake mwenyewe, alifikiri kidogo. "Alijua watamnyang'anya jina," akasema, "akalificha kwa mtoto."

Kutafsiri kulikuwa kazi kwelikweli. Watu wa Gilmore Girls wanaongea kwa kasi inayojulikana. Miswada ya sehemu moja ilizidi kurasa 70, wakati tamthilia ya saa moja kwa kawaida haifiki huko. Ilinibidi nichague. Utani kuhusu filamu za Kimarekani asizozijua niliuacha, au niliweka mwingine mahali pake. Kwa hiyo alipodai kwamba natunga, hakuwa ananionea. Nilikuwa nimetunga mara nyingi na hakulalamika. Alilalamika siku ambayo sikutunga hata neno moja.

Baada ya wiki tatu alikuwa ameanza kunitangulia. Mfanyakazi mpya wa ndani akionekana tu kwa Emily, Mama anasema, "Huyu hamalizi wiki," na kweli hamalizi, maana Emily hufukuza wafanyakazi kama anavyobadilisha vitambaa vya meza. Lorelai akichelewa Ijumaa, Mama anaanza kumjibia Emily kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo. Mara nyingi jibu lake lilikuwa karibu sana na la kwenye skrini, na mara mbili tatu nililiona la kwake bora zaidi.

Je, kumjua mhusika ni kuweza kutabiri atakachofanya? Kama ni hivyo tu, basi hadithi bora ingekuwa ile isiyotushangaza kamwe, na hiyo hakuna anayeitaka. Kwenye msimu wa tano, Luke na Lorelai wanatoka pamoja kwa mara ya kwanza kama wapenzi. Katikati ya mazungumzo Luke anatoa kwenye pochi kikaratasi kilichochakaa. Ni kipande cha gazeti, safu ya nyota. Lorelai alikuwa amempa siku ya kwanza walipokutana, akamwambia akitunze, kitamletea bahati. Alikuwa amekitunza miaka minane.

Mama hakulitarajia hilo. Wala mimi. Lakini alichosema kilikuwa, "Ehee! Ndiyo maana!"

Ndiyo maana alikuwa akimtengenezea kila kinachoharibika nyumbani kwake. Ndiyo maana, Lorelai alipotaka kuolewa na mwanamume mwingine, Luke ndiye aliyemchongea kwa mikono yake kibanda cha kusimama chini yake siku ya harusi. Tukio moja la dakika mbili lilirudi nyuma likapita kwenye misimu minne na kubadilisha rangi ya kila kitu, na hakuna kilichovunjika. Kila tulichokijua kilibaki, ila sasa kilikuwa na sababu.

Msimu wa sita ukaja na yule binti wa miaka 12, April, na ukimya wa Luke ambao unaendelea miezi miwili hadi Lorelai anagundua mwenyewe. Hapo maneno ya Mama yalibadilika. Sasa ilikuwa: "Kwani si ndiye aliyetunza kile kikaratasi?" "Kwani si juzi tu huyu mwanamke ndiye aliyemposa, naye akakubali?" Ili tukio hili likubalike, ilibidi tusahau. Tuweke pochi pembeni, tuweke kibanda cha harusi pembeni, tujifanye tumekutana na Luke wiki hiyo.

Hii ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta, na sijapata maneno bora kuliko yale ya Mama. Mshangao wa haki hukufanya useme "ndiyo maana"; unakurudisha kwenye unayoyajua na kukuongezea. Mshangao wa dhuluma hukufanya useme "kwani si". Unakutaka ufute unayoyajua ili hadithi isonge mbele. Kwa kipimo hicho mtu asiyekuwepo anaweza kusingiziwa, kwa sababu ingawa hana mwili, ana historia. Historia hiyo tulipewa, tukaipokea, tukaitunza. Anayeifuta anatunyang'anya kitu.

Nitapingwa kwamba binadamu hubadilika, na kwamba wanaume wema huficha mambo kila siku. Kweli. Mama anawajua, mimi nawajua. Lakini mtu tunayemjua anapofanya jambo lisilo lake, tunamtafutia sababu, na sababu huwa ipo, hata kama ni ya aibu: aliogopa, alikuwa na deni, kuna aliyemshauri vibaya. Sababu iko ndani ya maisha yake. Nimeurudia msimu ule nikitafuta sababu ya Luke, nikapata visingizio viwili vitatu vilivyosemwa haraka haraka. Ninavyoamini mimi, sababu halisi haikuwa ndani ya Luke hata kidogo. Ilikuwa kwenye ratiba. Wapenzi wameshapatana, mama na binti wameshasameheana baada ya ugomvi mrefu, na bado kuna sehemu 13 za kujaza kabla msimu haujaisha. Watu wenye furaha hawajazi sehemu 13. Ikabidi mmoja wao avunjwe, na zamu ikamwangukia Luke.

Nitapingwa pia kwamba hii ni tamthilia tu. Mwaka 1975 mwanafalsafa Colin Radford aliandika makala maarufu akiuliza inawezekanaje tuhuzunishwe na yaliyompata Anna Karenina wakati tunajua hajawahi kuishi, na akahitimisha kwamba hisia hizo zina mgongano ndani yake. Tulimjadili darasani mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Nilipokuwa nikimsoma, masikio yangu yalikuwa kwa Bibi, jioni, umeme umekatika: Hadithi, hadithi! Nasi tunaitikia: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Angalia mpangilio wake. Uongo unakaribishwa mlangoni, kwa sauti, na wote waliopo. Hakuna anayedanganywa. Tukishakubaliana hapo, sungura anaweza kuongea, anaweza kuoa, anaweza kwenda sokoni, na hakuna mtoto atakayenyanyua mkono kuuliza. Lakini usiku mmoja Bibi alisinzia katikati ya hadithi, akaendelea kuongea huku macho yamefumba, na sungura akajikuta ananing'inia shimoni kwa ulafi wake. Tulimwamsha kwa kelele. "Bibi, huyo siye Sungura! Huyo ni Fisi!" Akafumbua macho, akacheka, akarekebisha. Hakutuambia kwamba sungura ni wake na anaweza kumfanya atakavyo, wala kwamba sungura hayupo. Alijua amekosea, na alijua amemkosea nani.

Aristotle aliliona hili zamani. Katika kitabu chake kuhusu sanaa ya ushairi anasema ni afadhali jambo lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko jambo linalowezekana lakini haliaminiki. Sungura anayeongea hawezekani, na tunamwamini. Mwanamume anayeficha mtoto anawezekana kabisa, na hatukumwamini.

Ni rahisi hapa kumtafuta wa kumtwisha lawama, na mashabiki wengi wamempata. Amy Sherman-Palladino, aliyeibuni tamthilia, na mume wake Daniel Palladino waliondoka mwaka 2006 baada ya kushindwa kuelewana kuhusu mkataba, na msimu wa saba ukaongozwa na David Rosenthal. Katika msimu huo Lorelai anafunga ndoa ya ghafla jijini Paris na Christopher, baba yake Rory. Mama alitoa hukumu ya kifundi: "Hapa wamekata kitambaa kabla ya kupima." Ingekuwa faraja kusema kwamba mwenye mali aliondoka na wageni wakaiharibu. Lakini April aliingia kwenye msimu wa sita, na msimu wa sita ulikuwa bado mikononi mwa waliomzaa Luke. Aliyemjua kuliko sote ndiye aliyeanza kumsingizia. Kumiliki mhusika hakumkingi mhusika huyo na mwenye kummiliki, kama vile kumzaa mtoto hakumzuii mzazi kumwelewa vibaya.

Kuna kisa kingine cha televisheni ambacho hutajwa kila uandishi mbovu unapojadiliwa. Katika Dallas, tamthilia ya familia ya matajiri wa mafuta wa Texas, Bobby Ewing alikufa mwaka 1985. Mwaka uliofuata mwigizaji wake, Patrick Duffy, alirudishwa kazini, na ili arudi ikatangazwa kwamba msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto ya Pam. Watu wamecheka hadi leo. Mimi naona kosa la Dallas ni jepesi zaidi. Walifuta matukio, tena mchana kweupe, lakini Bobby aliyetoka bafuni alikuwa Bobby yuleyule. Kwa Luke matukio yote yaliachwa mahali pake, akafutwa mtu.

Novemba 2016 Sherman-Palladino na mume wake walirudi na sehemu nne mpya, ndefu. Kwa miaka mingi alikuwa ameeleza hadharani kwamba anajua maneno manne ya mwisho ya hadithi yake, na mashabiki waliyasubiri kama watu wanaosubiri wosia usomwe. Rory sasa ana miaka 32. Hana kazi ya kudumu, na anakutana kwa siri na mwanamume aliyechumbia mwingine. Katika dakika ya mwisho anamwita mama yake, mama anaitika, naye anamwambia kwamba ana mimba.

Kama maneno hayo yangesemwa mwaka 2007, Rory angekuwa na miaka 22, ametoka tu chuoni. Ni kama mtu aliyetunza kifuniko miaka na miaka, sufuria ikabadilishwa, naye akakifunika hivyohivyo kwa kuwa alikuwa amekitunza. Mwandishi alikuwa mwaminifu sana. Alikuwa mwaminifu kwa mpango wake.

Tuliitazama sehemu hiyo Desemba 2020, nikiwa likizo. Nilitafsiri yale maneno ya mwisho, nikasubiri Mama aseme wamemsingizia. Hakusema. Alivuta gauni lililokuwa mapajani pake akaanza kufumua mshono ambao, nilivyouona, haukuwa na kasoro yoyote.

"Kwa hiyo hata Marekani," akasema baada ya muda, "maji hufuata mkondo."

Najua wapo walioupenda mwisho ule. Nimesoma sifa zake: mduara umefungwa, binti amekuwa mama, hadithi imerudi ilikoanzia. Najua pia kwamba mwanamke wa miaka 32 kupata mimba si msiba. Lakini mduara ni umbo zuri kwa anayeutazama kutoka nje. Mama yangu alikuwa ametumia miaka 22 kunitoa ndani yake. Alikuwa amekaa nami jioni zaidi ya mia moja akimtazama mwanamke mwingine akijaribu jambo hilohilo, na mwishoni akaambiwa na mtu mwenye akili nyingi na vicheko vingi kwamba jirani zetu walikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye kizimba changu.

Mwaka 2022 niliomba ufadhili wa kusoma uzamili. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza, kwa maneno 500, vikwazo ulivyopitia. Nilijua wanachotaka. Hakuna aliyeniambia, nilijua kama mtu anavyojua kwamba sehemu 13 lazima zijazwe. Niliandika kwamba mama yangu alikuwa mhanga wa mfumo. Kwamba ndoto yake ya uuguzi ilizimwa akiwa na miaka 17. Kwamba alilia usiku kucha juu ya cherehani ili mimi nisome. Ilikuwa barua nzuri. Niliituma, kisha nikaja Tanga kumsomea, nikitegemea afurahi.

Safari hii nilitafsiri kwa uaminifu, sikuruka hata neno. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kunikatiza. Nilipomaliza alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Anasikitisha huyo mama," akasema. "Ni nani?"

"Kwani si wewe?"

"Mimi nililia usiku lini?"

Nikamkumbusha ndoto ya uuguzi. Akasema alitaka kuwa nesi akiwa darasa la nne, na kwamba darasa la nne kila msichana alitaka kuwa nesi. Kidato cha pili alikuwa tayari anawashonea wenzake sketi kwa pesa. Siku aliyofukuzwa shule, yeye na rafiki yake walikwenda Raskazone wakaoga baharini na sare zao mwilini, kwa kuwa sare hazikuwa na kazi tena.

"Nililia, ndiyo," akasema. "Nililia Bibi yako aliponinyamazia. Mwezi mzima, nyumba moja, hanisemeshi. Hilo hukuliandika."

Sikuliandika kwa sababu sikulijua. Sikulijua kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nimekaa naye misimu saba tukimtazama Lorelai na Emily wakishindwa kuongea mezani kila Ijumaa, nikimwona Mama anavyoinama mbele kila Emily anapoingia, na haikunipitia akilini hata siku moja kuuliza kwa nini. Nilikuwa na kifuniko changu tayari.

Ufadhili niliupata. Ninaandika insha hii nikiwa Dar es Salaam, mwaka wa mwisho wa masomo, kwenye chumba ambacho kodi yake inatoka kwenye pesa hizo. Ada yangu inalipwa na mwanamke ambaye hayupo, aliyelia usiku ambao haukuwepo. Sijui la kufanya na jambo hili. Kurudisha pesa siwezi, na Mama angenishangaa. Waliotoa hawakunitaka nidanganye. Walinipa tu nafasi yenye umbo fulani, nami nikamkata mama yangu akaenea.

Ninachokijua sasa ni kwamba makosa haya mawili ni kosa moja. Wanaosema "ni tamthilia tu" hudhani kuna mlango kati ya namna tunavyowatendea watu wa kubuni na namna tunavyowatendea watu wa kweli. Mimi sikuuona mlango huo. Mkono uliomfanya Mama alie ulikuwa ukifanya kazi ileile ya mkono uliomfanya Luke anyamaze: ulikuwa na mahali pa kufika, na mtu akawa njia ya kupitia. Ndiyo sababu hasira yetu kwa uandishi mbovu si upuuzi wa watu wasio na kazi. Kila siku tunasimuliana: ndugu kwa mwajiri, mgonjwa kwa daktari, mtaa mzima kwa binti aliyeshika mimba. Anayejizoeza kusema "kwani si" mbele ya skrini huenda siku moja akalisema pale majirani wanapokuwa wameshika methali yao.

Mama bado anaitazama tamthilia ile. Mdogo wangu amemfundisha kuifungua mwenyewe, na Kiingereza cha Lorelai amekizoea kiasi cha kutohitaji mkalimani. Anaanza mwanzo, anakwenda mpaka mwisho wa msimu wa tano, pale Lorelai anapomposa Luke, kisha anarudi mwanzo. Nilimuuliza kama haoni kwamba anajidanganya, maana yaliyofuata yalishaandikwa. Akaniambia hata yeye hupokea nguo zilizoharibiwa na fundi mwingine, na kazi ya kwanza ni kufumua.

Wiki iliyopita nilimsomea insha hii kwa simu, yote, mpaka aya iliyotangulia. Alicheka kwenye habari za Bibi na Fisi. Alinyamaza kwenye habari za Bibi kumnyamazia. Kisha akasema kuna mahali nimekosea.

"Raskazone. Umesema nilioga."

"Si uliniambia mlikwenda?"

"Nilisema tulikwenda. Aliyeoga ni mwenzangu. Mimi nilikaa kwenye mawe nikitapika, mimba ya miezi mitatu ile."

Nimerudi nikaitazama sentensi yangu. Ni sentensi nzuri. Wasichana wawili, bahari, sare zisizo na kazi tena. Sikumbuki ni lini nilimtia Mama majini, lakini ni mimi niliyemtia, kwa sababu baada ya kumliza bila ruhusa nilitaka sasa awe jasiri. Nimeiacha pale juu kama nilivyoiandika ili uone jinsi inavyotokea, hata kwa mtu ambaye muda wote anaandika kuhusu hilo.

"Niifute?" nikamuuliza.

"Sema tu kwamba nilikaa," akasema. "Na sema maji yalikuwa yamejaa siku ile. Hilo ni kweli."